Kinga ya kisu cha kuchinjia: metali gani, na ishikizwe vipi?

*“Shikamoo fundi. Nimetengeneza kisu kwa springi ya gari. Bapa lina urefu wa sentimita 16 na unene wa milimita 5 mgongoni. Nimeshakitia ugumu kwa mafuta na kukirudisha kwenye oveni, na kinashika makali vizuri. Mkia ni mwembamba, utaingia ndani ya mpini wa mpingo. Ni zawadi ya baba mkwe, ambaye huchinja na kuchuna mbuzi mwenyewe. Kuna siku mkono wake ulilowa damu, ukateleza, akajikata vidole viwili, ndiyo maana nataka kisu kiwe na kinga. Ninayo koki ya zamani ya shaba naweza kuikata, na kipande cha aluminiamu. Fundi wa kuchomelea hapa mtaani anasema nimpelekee, dakika mbili kazi imeisha. Rafiki yangu anasema gundi ya epoksi inatosha. Sonara mmoja naye anasema ataishika kwa lehemu ya fedha. Nina tupa, msumeno wa chuma, keekee ya umeme na jiliwa. Nitumie metali gani, na niishikize vipi isilegee? Niko Tanga.”*

Marahaba. Kabla ya yote: kisu hicho usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea, hata kama hatakutoza senti. Mengine tunaweza kuyajadili taratibu, lakini hilo likishafanyika halirekebishiki.

Shida yako nimeielewa hivi. Mzee anashika kisu kwa mkono wenye damu na mafuta, anasukuma mbele, vidole vinapanda kwenye makali. Unataka kinga, yaani kipande cha metali kati ya mpini na bapa cha kuvizuia, na hutaki kitu hicho kianze kucheza baada ya Idd mbili tatu. Umetanguliza metali, ushikizaji ukaja mwisho. Mimi nitaanza na ushikizaji, kwa sababu visu vingi vya kutengeneza kwa mkono huharibikia hapo, na kinga iliyokaa vibaya haiokolewi na metali nzuri.

Wengi hudhani kinga hushikiliwa na kile kilichoiunganisha na kisu. Ndiyo maana kila uliyemuuliza amekutajia kiunganishi cha kazi yake: mmoja moto, mwingine gundi, wa tatu fedha. Hebu tazama nguvu inakokwenda. Ulipoupunguza mkia ukawa mwembamba kuliko bapa, mwanzoni mwake pamebaki ngazi mbili, moja upande wa mgongo na moja upande wa makali. Hayo ndiyo mabega ya kisu. Kinga inavalishwa kupitia mkia mpaka iyaegemee mabega. Mkono wa mzee ukisukuma kuelekea nchani, unaisukuma kinga kwenye mabega, na kadiri anavyosukuma ndivyo inavyozidi kukaa. Nyuma yake kuna mpini. Mpini ukikazwa sawasawa, kinga haina pa kurudi. Kinachobaki ni kuchezacheza pembeni na juu chini, na hilo huzuiwa na tundu la kinga linavyoubana mkia. Kwa hiyo mabega yanabeba mzigo, tundu linazuia kucheza, na gundi au lehemu inabakiwa na kazi ya kuziba maji na damu visipenye. Ukilishika hilo, utaona kwa nini ushauri wote uliopewa unakuelekeza pasipohitaji nguvu.

Sasa fundi wa kuchomelea. Springi za magari kwa kawaida ni chuma chenye kaboni ya takriban asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na kromi, manganizi au silikoni. Ulipokizamisha kwenye mafuta kilikuwa kigumu mno na rahisi kuvunjika, na oveni ikakipunguzia ugumu kidogo ili kipate ustahimilivu. Rangi za juu ya chuma safi zinaonyesha joto lilipofika. Manjano ya majani makavu hutokea kwenye nyuzi 205 hadi 230 za Selsiasi, kahawia karibu na 255, zambarau karibu na 280, na buluu karibu na 300. Kila chuma kinapovuka joto ulilokirudishia, kinapoteza ugumu zaidi, na kikipoa ugumu huo haurudi. Mwako wa kuchomelea unayeyusha chuma, maana yake ni zaidi ya nyuzi 1,400. Ukanda ulio jirani na palipochomelewa unakuwa mwekundu, kisha unapozwa ghafla na chuma baridi kinachouzunguka, unabaki mgumu na wenye kuvunjika. Ukanda unaofuata unalainika. Yote hayo yanatokea kwenye mabega, mahali ambapo kisu hupindwa kuliko pengine popote. Kisu cha hivyo hakivunjiki siku unapokipokea. Huvunjika mzee anapokipindisha kwenye kiungo cha paja.

Isitoshe, shaba ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi, ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi, na zinki inachemka kwenye 907. Mwako wa umeme unaifukuza zinki kama moshi mweupe. Anayeuvuta moshi huo kwa wingi hupatwa na homa saa kadhaa baadaye: baridi, kutetemeka, maumivu ya viungo, ladha ya metali mdomoni. Mara nyingi hali hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Mafundi wetu hunywa maziwa wakiamini yanaosha kifua. Maziwa huenda tumboni, na moshi umeingia mapafuni. Hewa ya kutosha ndiyo inayosaidia, pamoja na kutochomelea kitu chenye zinki. Mtu akianza kuhema kwa shida, apelekwe hospitali.

Sonara ana mkono mwepesi kuliko wa fundi wa kuchomelea, lakini muulize anatumia lehemu gani. Lehemu ya fedha ya masonara huyeyuka juu ya nyuzi 600, na kwa joto hilo bapa lako litakuwa limeshapoteza ugumu upande wote wa karibu na mpini. Hakukosea kwa kazi yake, kwa sababu pete haina ugumu wa kupoteza. Lehemu pekee inayovumilika kwenye kisu kilichokwisha kutiwa ugumu ni ile laini ya bati na fedha kidogo, isiyo na risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221 hivi. Ukiitumia, zungushia bapa kitambaa kilicholoa, pasha kinga kutokea upande wa mkia, usiuguse moto kwenye bapa, na acha joto la kinga lenyewe liyeyushe lehemu. Ile ya kawaida ya mafundi redio, ya bati na risasi, huyeyuka kwa joto la chini zaidi na ingekuwa rahisi kwako. Lakini risasi na kisu cha nyama havikai pamoja.

Je, nakushauri uitumie hiyo laini? Kwa kisu cha kwanza, hapana. Dawa yake ya kusafishia ina asidi, na ikibaki ndani ya mwanya inakula chuma polepole mahali usipoona. Wanaoitumia huosha kwa maji yenye magadi ili kuua asidi, kisha hukausha na kupaka mafuta. Ni kazi nzuri ikifanywa na aliyeizoea. Wewe huna haja nayo.

Rafiki yako wa epoksi amepatia nusu. Gundi ile inaziba vizuri na inajaza mianya midogo, na mimi mwenyewe huiweka kwenye kila kinga. Kosa ni kuiachia ibebe mzigo. Epoksi nyingi za madukani huanza kulainika kati ya nyuzi 60 na 80. Fikiria baada ya kuchinja: mtu anachukua birika, anakimwagia kisu maji yanayochemka ili kukitakasa. Kinga iliyoshikwa kwa gundi peke yake itaanza kucheza siku hiyo hiyo. (Na damu huoshwa kwa maji baridi kwanza. Ya moto huigandisha ikang’ang’ania kwenye kona zote. Mwambie mzee.)

Kuna njia ambayo hukuitaja, pini. Unatoboa kinga na mkia kwa pamoja, unapitisha msumari mwembamba wa metali ile ile ya kinga, unaugonga ncha zote mbili utanuke, kisha unausugua mpaka usionekane. Ni njia ya zamani na imara. Ubaya wake kwako ni kwamba mkia wako ni mwembamba. Ukiwa na upana wa milimita 12 na ukatoboa tundu la 3, umebakiwa na 4.5 kila upande, tena karibu na mabega kunakopindwa. Pini iweke ndani ya mpini, sentimita mbili au tatu nyuma ya kinga, ambako itaushika mkia na mbao pamoja. Kinga iache bila tundu la ziada.

Njia ninayokushauri, basi, ni hii: tundu linalobana, mpini unaosukuma kinga kwenye mabega, na epoksi ya kuziba. Kwa vifaa ulivyonavyo inawezekana, ila itakudai uvumilivu, hasa kwenye tundu.

Anza na mabega. Yanapaswa kuwa kwenye mstari mmoja, yote mawili, pande zote mbili za bapa. Bega moja likitangulia hata nusu milimita, kinga itaegemea hilo peke yake na upande wa pili utaacha mwanya. Weka kisu juu ya kioo au kigae kilichonyooka na upime kwa skwea, kile kipimo cha pembemraba. Yakiwa hayalingani, tupa itateleza kwa sababu chuma kimeshakuwa kigumu. Itabidi uulainishe mkia. Zika bapa kwenye mchanga uliolowa, mkia ukiwa nje, kisha upashe mkia mpaka rangi ya buluu au zaidi, ukianzia mwisho wake. Mkia hauhitaji ugumu, unahitaji kutovunjika. Moto ukikaribia mabega simama, uache joto litambae lenyewe. Baada ya hapo bana kisu kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya chuma vilivyonyooka, usawa wao ukiwa ndio mstari wa mabega, na upige tupa mpaka iguse chuma pande zote.

Kona ya ndani, pale bega linapokutana na mkia, isiwe kali. Ipe mviringo mdogo, milimita moja au moja na nusu, kwa tupa ya duara. Kona kali hukusanya nguvu mahali pamoja na ndipo ufa huanzia, mara nyingi wakati ule ule wa kuzamisha kwenye mafuta. Kwa sababu ya mviringo huo, midomo ya tundu la kinga upande wa mbele itahitaji kupunguzwa kidogo pembeni, la sivyo kinga itapanda juu ya mviringo na haitagusa mabega kamwe. Wengi huhangaika nusu siku na mwanya usiofungika bila kujua kwamba chanzo ni hicho.

Mkia wenyewe uwe mnene zaidi kwenye mabega na upungue kidogo kuelekea mwisho, kwa unene na kwa upana. Kinga ikishuka kutokea nyuma, itakuwa legelege mwanzoni na kubana mwishoni, na ndivyo tunavyotaka.

Tundu. Chora katikati ya kipande cha metali mstari wa urefu unaolingana na upana wa mkia. Mkia ukiwa na unene wa milimita 5, toboa matundu ya milimita 4 yaliyopangana kwenye mstari huo. Usitumie ya 5, utajikuta umeshapita. Vunja kuta kati ya matundu kwa msumeno wa chuma uliofunguliwa na kupitishwa ndani, kisha ingia na tupa ndogo bapa. Kama hauna tupa nyembamba ya kutosha, chukua ubapa wa zamani wa msumeno na usage meno yake ubavuni, ubavu mmoja tu. Utapata kifaa kinachokata upande mmoja bila kugusa mwingine.

Kuanzia hapo, kazi ni ya masizi. Pitisha mkia juu ya mshumaa mpaka uwe mweusi, valisha kinga mpaka ikwame, ivue. Masizi yatakuwa yamehamia ndani ya tundu mahali panapogusa. Sugua hapo tu, mara mbili tatu kwa tupa, urudie tena. Ukiona unachoka na kutamani kupiga tupa kila mahali ili umalize haraka, weka chini ukanywe chai. Tundu hupanuka kwa urahisi, kulipunguza ndiko kugumu. Lengo ni kinga isimame yenyewe milimita moja au moja na nusu kabla ya mabega. Umbali huo wa mwisho utaisukuma kwa nyundo. Bana bapa kwenye jiliwa kati ya mbao laini, ncha ikitazama chini na makali yakiwa yamefungwa utepe mnene, valisha kipande cha bomba la chuma juu ya mkia, na upige bomba taratibu huku ukitazama kinga isiende upande. Ukiiacha mbali zaidi ya hapo ukitegemea nguvu, chuma kitachuna brasi badala ya kuibana na utabaki na tundu legelege lenye mikwaruzo.

Ikitokea imelegea kidogo, bado kuna namna. Geuza kinga upande wa nyuma, ule utakaofichwa na mpini, na kwa patasi butu piga vishimo vidogo kandokando ya tundu. Metali itasukumwa ndani na kuubana mkia upya. Upande wa mbele hauguswi, kwa hiyo hakuna atakayejua. Brasi inakubali sana jambo hili. Ikishakuwa ngumu kwa kupigwa nyundo, unaipasha moto hadi wekundu hafifu sana na kuizamisha kwenye maji, inalainika. Ndiyo, kinyume kabisa cha springi yako.

Mwisho kabisa ndiyo gundi. Safisha kila kitu kwa spiriti au asetoni, hasa mpingo, kwa sababu una mafuta yake ya asili yanayoikataa gundi. Kwaruza ndani ya tundu la mpini kwa msasa mkali muda mfupi kabla ya kugundisha. Tumia epoksi inayochukua saa nyingi kukauka, si ile ya dakika tano. Paka kidogo nyuma ya mabega kabla ya kusukuma kinga mara ya mwisho, futa inayotokeza mbele kwa spiriti ingali mbichi, jaza tundu la mpini, kisha bana mpini dhidi ya kinga mpaka kesho yake. Uso wa mbele wa mpini na wa nyuma wa kinga ukutane bila mwanga kupita. Kama mpini wako haujatobolewa mpaka nyuma, huo mbano wa siku ya gundi ndio mbano pekee utakaoupata, kwa hiyo usiufanyie haraka. Mpingo uwe umekauka kweli. Mbichi utapasuka hata ukiwa Tanga kwenye unyevu.

Sasa metali. Koki iache. Kwanza, huenda hata si brasi. Ukitaka kujua, piga tupa kidogo chini ya mng’ao wake. Njano ni brasi, kijivu ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa kromi, na koki nyingi za bei rahisi ni hizo. Hata ikiwa brasi halisi, imemiminwa kwenye kalibu, ina vishimo vya hewa ndani, kuta zake ni nyembamba na zimepinda. Hutapata kipande bapa cha milimita 6 humo. Na tafadhali usifikirie kuiyeyusha jikoni, nimeshaeleza kuhusu zinki. Kuna suala la risasi pia. Brasi nyingi za koki, na hata vyuma vya brasi vinavyouzwa kwa kazi ya mashine, huongezewa risasi kiasi cha asilimia mbili au tatu ili zikatike vizuri. Kinga hailali kwenye chakula kama sufuria, ila vumbi la tupa lisifanyiwe jikoni, na mikono ioshwe.

Aluminiamu ndiyo ninayoikataa kwa sauti. Uzuri wake ni wepesi. Kinga ya milimita 50 kwa 14 kwa 6 ina ujazo wa sentimita za ujazo 4.2, kwa brasi ni gramu 36 hivi, kwa aluminiamu gramu 11. Lakini wewe uko pwani. Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na maji ya chumvi kati yake, moja huliwa haraka ili nyingine ipone. Aluminiamu ikigusana na chuma, aluminiamu ndiyo huliwa. Inatoa unga mweupe unaovimba na kusukuma kila kitu kilichobana. Hewa ya Tanga ina chumvi, damu ina chumvi. Pia ni laini na huacha weusi mkononi.

Brasi nayo ina hesabu hiyo hiyo, ila imegeuzwa: ikigusana na chuma chenye kaboni, chuma chako ndicho huliwa, tena ndani ya tundu usikoona. Ndiyo maana nasisitiza kuziba. Kinga ya brasi iliyobana na kujazwa epoksi haina shida. Ile yenye mwanya wa kupitisha kucha italeta kutu kwenye mkia huku nje ikimeremeta.

Shaba nyekundu tupu ni laini zaidi, huwa nyeusi upesi na huacha harufu mkononi, ingawa ni nzuri sana kwa macho. Nikeli-silva, ambayo pamoja na jina lake haina fedha ndani (ni shaba, nikeli na zinki), ni ngumu kuliko brasi na haibadiliki rangi haraka. Ukiiona, ichukue. Chuma laini cha kawaida ni rahisi na imara lakini kitashika kutu pamoja na kisu. Stenilesi ndiyo bora kuliko zote kwa damu na chumvi, na kama mzee angekuwa mvuvi nisingekupa chaguo jingine. Shida iko kwenye keekee yako. Stenilesi ya kawaida huwa ngumu zaidi pale inaposuguliwa bila kukatwa. Ukitoboa kwa kasi kubwa na mkono mwepesi, ncha inang’arisha badala ya kukata, na baada ya hapo hata ncha mpya haiingii. Inataka mwendo wa taratibu, nguvu ya kutosha na mafuta. Kulitengeneza tundu lake kwa tupa ni adhabu.

Kwa hiyo kwako: brasi bapa, unene wa milimita 6, kutoka kwenye mabaki ya karakana ya mashine. Ukienda kwa wauza chuma chakavu, muulize muuzaji imetoka wapi. Shaba ya nyaya na mitambo ya umeme huibwa sana, na jirani zetu Kenya walifika mahali pa kusimamisha biashara nzima ya chuma chakavu Januari 2022 baada ya miundombinu ya umeme kuhujumiwa. Zawadi ya baba mkwe isianzie huko.

Umbo lina maana kuliko wengi wanavyofikiri. Mzee anachinja na pia anachuna, na anapochuna pengine huweka kidole gumba juu ya mgongo wa kisu. Basi kinga isitokeze juu kabisa. Iwe sawa na mgongo, ishuke upande wa makali tu, milimita 8 hadi 10. Inatosha kuzuia kidole na haitakwama kwenye ngozi. Uso wa nyuma unaokutana na kidole cha shahada uviringishe vizuri, hapo ndipo mkono utakuwa ukisukuma siku nzima ya Idd. Na makali yasifike kwenye kinga. Acha kama milimita 5 bila kunoa, ili jiwe la kunolea lisigonge brasi na kuacha kipande kisichonolewa kinachokua kila mwaka.

Lakini kabla hujakata chochote, mpelekee kipande cha mbao chenye umbo la kisu na kinga, umwambie akishike kama anavyochuna. Wachunaji wengine hushika karibu sana na bapa, na kinga itawasumbua. Sime ya Wamasai haina kinga, wala panga la shambani. Kama naye ni wa namna hiyo, achana na metali. Mpe mpini uliovimba mbele kwa chini, wenye bonde la kidole nyuma ya uvimbe. Na kwa vyovyote usiung’arishe mpingo kama kioo. Ukilowa damu, mpingo uliong’arishwa huteleza mno, na nahisi kile kisu cha kwanza kilichomkata kilikuwa na tatizo hilo kuliko kukosa kinga. Ishia msasa namba 220, au uchore mistari ya kukingama.

Kuna mambo mawili ambayo hayaamuliwi kwa maandishi. La kwanza ni ufa. Kabla ya kuvalisha kinga, safisha mabega mpaka yang’ae, paka mafuta ya taa, subiri robo saa, futa yakauke, kisha sugua chaki juu yake. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Ukiuona, hata mwembamba kama unywele, simamisha kazi, kwa kuwa hakuna kinga itakayoutibu. Kipeleke kisu kwa mhunzi anayejua kutia ugumu akuambie kama sehemu yenye ufa inaweza kuondolewa na mabega kusogezwa mbele, au uanze bapa jipya.

La pili ni kama umeshamruhusu mtu apashe moto kisu hicho. Tazama rangi karibu na mabega. Manjano hafifu haina neno. Ukiona buluu imepanda kwenye bapa mpaka kwenye makali, piga tupa kidogo hapo: ikiuma kwa urahisi, ugumu umeondoka na kazi ya kutia ugumu itarudiwa kabla ya kinga. Kama tundu limekushinda, au umeamua stenilesi, nenda kwenye karakana za SIDO, shirika la viwanda vidogo, au chuo cha ufundi cha VETA hapo Tanga. Mwenye mashine ya kuchonga atakukatia tundu la stenilesi kwa muda mfupi, na wewe utamalizia kwa tupa. Nenda na kisu chenyewe, si vipimo kwenye karatasi.

Ukimkabidhi mzee, mwambie asikilaze kisu ndani ya ala ya ngozi kikiwa na unyevu. Brasi ndani ya ngozi hutoa ukungu wa kijani ndani ya wiki chache, hasa kando ya tundu. Si hatari kwa kisu, hufutwa kwa kitambaa na mafuta kidogo, ila usiingie kwenye nyama. Kwa kukiweka muda mrefu, akipake mafuta ya kula na kukifunga kwenye kitambaa kikavu, ala iwe pembeni.